Jezi Zisizofuliwa

Mama anarudi nyumbani, kule upande wa ziwa, na mimi nimeomba siku mbili kazini ili nimsaidie kufunga vitu. Havikuwa vingi. Chumba alichoishi mtaani Makina kwa miaka yote hii kiliingia ndani ya mifuko mitatu na sanduku moja la bati, na kufikia saa nane mchana tulikuwa tumebakiza sanduku hilo tu. Nilipolivuta kutoka chini ya kitanda na kufungua kifuniko, harufu ilinifikia kabla sijaona chochote: sabuni ya kipande, kutu, na udongo mkavu. Nikakaa sakafuni. Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, lakini uchovu ulionishika hapo ulikuwa mwingine, wa zamani, ambao nilidhani niliuacha nilipohama chumba hiki.

Chini kabisa, chini ya sare yake ya kanisa, palikuwa na shati jeupe ambalo halikuwa jeupe tena. Lilikuwa jekundu kwa udongo, kifuani na begani, na mgongoni lilikuwa na namba saba.

"Umeona nini?" Mama aliuliza. Siku hizi huongea akiwa amelala, macho ameyafumba.

"Jezi ya Wafula."

"Iweke hapo."

Sikuiweka. Niliishika mapajani, na udongo ukaanza kunidondokea kwenye sketi, punje kwa punje.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Mama alikuwa mfuaji, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kama jirani yetu mmoja alivyokuwa fundi wa viatu na mwingine fundi wa viti. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Tulikula kwa nguo za watu wengine, na zaidi ya zote tulikula kwa jezi za timu ya besiboli ya chuo kimoja cha ufundi, upande wa Riruta. Kila Jumamosi jioni nahodha wao, kijana mrefu aliyeitwa Wafula, alikuja Makina na gunia begani. Ndani yake mlikuwa na jezi kumi na nane. Jumatatu Mama alizifua kwenye mfereji wa bomba wa mwenye ploti tuliyopanga, Mama Halima, na kufikia Jumanne zilikuwa zimeanikwa uani kwa mpangilio wa namba, kwa sababu mimi ndiye niliyempa, moja baada ya nyingine, na nilipenda zifuatane.

Mtaani waliuita mchezo huo mpira wa rungu. Niliuelewa upesi kwa kuwa ulifanana na raunda tuliyocheza shuleni: mmoja anatupa, mwingine anapiga kwa rungu (akikosa mara tatu anatoka), halafu anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla mpira haujarudishwa. Wafula ndiye aliyekuwa anatupa. Alikuwa amezaliwa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, mtoto wa seremala, na mkono wake wa kulia ulikuwa na mshipa mmoja mnene ambao aliniruhusu niuguse kama nimefanya hesabu zangu vizuri.

Timu hiyo ilikuwa haishindi. Mama hakuwahi kwenda kuwatazama siku hizo, lakini alijua matokeo kabla Wafula hajafungua mdomo. Alimwaga gunia sakafuni, akainua jezi moja moja, akazikagua kama daktari.

"Vifua safi," alisema. "Hakuna aliyejirusha chini kufikia kituo. Wafula, mmepigwa tena."

"Aah, mathe, wewe unaroga?"

"Naroga nini? Namba nne huwa anateleza kwa ubavu wa kushoto. Leo ubavu wake unang'aa. Alikuwa amesimama tu akiangalia ndege?"

Wafula alicheka mpaka akashika mlango. Mama alijua kila mmoja wao kwa uchafu wake. Namba nne, ubavu wa kushoto. Namba kumi na moja alijipangusa mikono tumboni. Namba saba, Wafula mwenyewe, alisugua mpira begani kabla ya kuutupa, na hapo begani palikuwa na doa moja ambalo halikukosekana hata siku moja. Wengine hakuwahi kuwaona sura.

Halafu likaja lile juma maji yalipokatika. Mfereji wa Mama Halima ulikohoa Jumapili, ukatoa hewa, ukanyamaza. Watu walitembea na mitungi hadi kwingine, na maji yaliyopatikana yalikuwa ya kunywa na kupika. Mama alilitazama gunia kila siku. Ijumaa alilibeba kichwani lilivyokuwa, tukaenda naye hadi chuoni. Sijawahi kumwona na aibu kama ile. Alimkabidhi Wafula gunia huku akitazama viatu vyake.

"Mwanangu, maji hakuna tangu Jumapili. Nisamehe."

"Usijali, mathe. Kwani tunaenda harusi?"

Kesho yake walicheza na uchafu wa juma lililopita, wakashinda.

Wafula alikuja Makina akikimbia, bado amevaa jezi, gunia begani, na vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. "Mathe, tumewachapa! Tumewachapa, hata wenyewe hawaamini!" Mama alikuwa tayari amenyoosha mkono kupokea gunia, kwa sababu mfereji ulikuwa umerudi. Wafula akarudi nyuma hatua moja. "Hapana. Usiguse. Vijana wamekubaliana. Zina bahati sasa, hizi. Hatufui."

"Hamfui hadi lini?"

"Mpaka tushindwe. Tukishindwa ndio utafua, mathe."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayempa mwingine likizo. Mama alisimama hapo mlangoni na mkono ukiwa bado umenyooshwa.

Hawakushindwa. Walishinda Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Baada ya ushindi wa tatu matroni wa bweni lao alisema gunia hilo ama litoke au atalichoma, na Wafula hakuwa na mahali pengine pa kulipeleka ila kwetu. "Utunze tu, mathe," alisema. "Usifue. Tunza." Ndivyo tulivyokuja kuishi na ushindi wao. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja. Mama alilala upande wa mlango na mimi upande wa miguu yake, na gunia liliwekwa pale pale nilipoweka kichwa changu, kwa kuwa sakafuni palikuwa na panya. Lilinuka jasho, nyasi zilizooza, na kitu kingine kama shaba. Lile juma la kwanza nilikohoa usiku na mchana.

Mama Halima alisimama mlangoni, kitambaa puani. "Mama Akinyi, hicho kilichomo humo ndani ni maiti?"

"Ni ushindi," Mama alijibu.

"Basi ushindi unanuka, dada yangu."

Na kwa kuwa hapakuwa na jezi za kufua, Mama alianza kwenda ukutani. Zaidi ya Kawangware, barabara inapoanza kuwa na miti na mageti, kuna ukuta mrefu ambapo wanawake hukaa asubuhi wakingoja mwenye nyumba atoke na kunyoosha kidole: wewe, njoo ufue. Kutoka Makina ni mwendo mrefu kwa miguu. Siku nyingine kidole kilimwangukia, siku nyingi kilimpita. Jioni alirudi, akaketi kitandani bila kuvua viatu, na mimi nikajua kutokana na jinsi alivyoketi kama tungekula mboga au chai kavu. Nilimsikia siku moja akimwambia Mama Halima, "Wakishinda tena, sijui."

Huko chuoni nako walikuwa wanaimba. Jina la timu liliandikwa kwa chokaa kwenye ukuta wa kiwanja. Watoto wa Kongo walitembea na vijiti begani wakijifanya Wafula. Mimi nilijivuna shuleni kwamba jezi zinalala kwetu, kwamba mimi hulala kichwa changu kikiwa kimeziegemea, na watoto walinipa viazi vyao ili niwasimulie. Nilikuwa naipenda timu hiyo. Nilitaka pia ishindwe. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani yangu bila kusukumana, mpaka usiku ulipofika.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona majuma hayo na kuyapanga kichwani kwa akili ya mtoto. Gunia liliacha kunuka. Nilidhani pua yangu imechoka, kama miguu inavyochoka. Kikohozi nacho kikaisha. Mama alikuwa na wekundu kwenye kucha, na mikono yake, ambayo ilipaswa kupumzika, ilikuwa imepasuka zaidi ya zamani. Nikaulaumu ukuta. Halafu siku moja niliinama chini ya kitanda kutafuta penseli, nikakuta pakiti tupu ya unga imejazwa udongo mwekundu, laini, uliochekechwa. Hilo nililielewa mara moja. Nilikuwa nimeona wanawake wenye mimba wakinunua udongo wa kula sokoni, wakiuvunja kwa meno njiani. Mama alikuwa anakula udongo. Kwa hiyo Mama alikuwa na mtoto tumboni. Kwa hiyo alikuwa anachoka namna ile. Kwamba Baba hayuko hakukunisumbua hata kidogo.

Nilikwenda kumwambia Mama Halima kwa sauti ya chini. "Mama atapata mtoto."

"Nani kakwambia?"

"Anakula udongo. Nimeuona."

Mama Halima alicheka mpaka akakalia ndoo iliyokuwa imefunikwa. "Mtoto mmoja? Wallahi, Akinyi, mama yako atapata kumi na wanane!"

Sikuona cha kuchekesha. Nililala nikihesabu tutawalaza wapi.

Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, walimu walitutoa mapema. Mama alikuwa amepata kazi, kwa hiyo chumba kilikuwa changu. Nilikaa kitandani nikilitazama gunia, na maneno ya Wafula yakanirudia jinsi alivyoyasema: tukishindwa ndio utafua. Hayakuwa na utata wowote. Bahati ilikuwa ndani ya uchafu, uchafu ulikuwa ndani ya gunia, na gunia lilikuwa hapa. Ningefua moja tu. Moja ingetosha kuwafanya washindwe, Jumatatu Mama angesimama kwenye mfereji wa Mama Halima na mimi ningempa jezi kwa mpangilio, na mtoto anayekuja, au wote kumi na wanane, wangekuta chakula.

Nilitoa namba saba. Nilimimina maji ya kunywa kwenye beseni, nikakata kipande cha sabuni, nikasugua kama nilivyomwona akifanya. Maji yakawa mekundu mara moja, mepesi, kama rangi inayotoka kwenye karatasi. Nakumbuka nilishangaa kwamba hayakunuka. Jezi ilitakata upesi mno. Ilikuwa nyeupe kiasi kwamba hata mtoto angeona kwamba moja kati ya kumi na nane imeguswa, na angejua nani aliigusa. Nikatoka nje, nikachota majivu ya jiko na tope la mtaro, nikapaka. Udongo wa kwetu ulikuwa mweusi. Jezi ikawa na madoa ya kijivu mahali pasipo pake, tumboni na kwenye mikono. Niliikunja ikiwa mbichi, nikaizika chini kabisa ya gunia, nikamwambia Mama aliporudi kwamba nimemwaga maji ya kunywa.

Hakunigombeza. Alinitazama kidogo, akatazama beseni. "Lala mapema," alisema. "Kesho tuna safari."

Asubuhi tulibeba gunia hadi kiwanjani, na mimi nilitembea nyuma yake kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Wafula alizimwaga jezi kwenye nyasi. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amevaa ya kwake, na ilikuwa nyekundu, kavu, chafu kama nyingine zote, na begani palikuwa na lile doa lake mahali pale pale.

Sikumwona Mama akinitazama. Alikuwa ameketi kwenye nyasi, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo, macho ameyafumba. Mimi nilielewa kwa namna niliyoweza: kuna uchafu usiotoka, na ule wa namba saba ulikuwa umerudi wenyewe usiku.

Walicheza na timu yenye jezi za kung'aa na viatu vyenye meno. Sikumbuki mengi ya mchezo wenyewe. Nakumbuka namba nne akijirusha kwa ubavu wa kushoto, na Mama, akiwa bado amefumba macho, kwa kusikia sauti ya umati tu, akisema polepole, "Huyo ni nne." Nakumbuka mwisho. Walikuwa mbele kwa mzunguko mmoja tu, na wenzao walikuwa na mtu amesimama kwenye kituo cha tatu, hatua chache tu arudi alikoanzia na kusawazisha. Wafula alisugua mpira begani. Niliomba ashindwe, halafu nikaomba Mungu asinisikie. Alitupa, mwenye rungu akakata hewa. Akatupa tena, akakata hewa. Mara ya tatu sikuona mpira kabisa, nilisikia tu ukiingia kwenye glavu, na kiwanja chote kikainuka. Mama naye alikuwa amesimama. Alikuwa anapiga makofi, mikono ile iliyopasuka, na machozi yanamtoka.

Wafula alibebwa juu. Aliposhushwa alikuja moja kwa moja kwetu, akavua jezi mbele ya watu, akampa Mama kwa mikono miwili. "Hii ni yako, mathe. Usiifue milele." Watu wakashangilia. Mama akaipokea, akaikunja vizuri kwa mapindo yake ya kazi, akasema asante.

Jezi nyingine hazikurudi. Mabingwa walinunuliwa sare mpya, chuo kikaleta mashine za kufulia, na Wafula alimaliza masomo akaenda mbali. Mama alirudi ukutani, na ukuta ndio ulionisomesha. Hakuna mtoto aliyezaliwa. Nilipokua nikajua kwamba usiku ule ni yeye aliyeifua na kuichafua upya jezi niliyoiharibu, na nilibeba jambo hilo kwa aibu: kwamba nilitaka kumsaidia, nikamwongezea kazi.

"Mama," nilisema sasa, nikiwa bado sakafuni. "Hii jezi niliifua."

"Najua. Ukapaka majivu." Hakufumbua macho. "Majivu ya jiko, Akinyi! Watu wanacheza besiboli jikoni?"

"Nilitaka washindwe, upate kazi."

"Mimi pia nilikuwa naomba washindwe. Kila Jumamosi. Halafu nasikia wameshinda, nacheka peke yangu barabarani."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, na kicheko kikamletea kikohozi. Nilimngoja. Kisha nikauliza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza, pengine kwa sababu sikuwahi kukaa na udongo huo mapajani. "Lakini ule udongo ulikuwa chini ya kitanda kabla sijaifua. Ulikuwa wa nini?"

Alifumbua macho, akautazama udongo kwenye sketi yangu.

"Ulikuwa unakohoa," alisema. "Unalaza kichwa chako kwa jasho la wanaume kumi na wanane. Ningekuangalia tu?"

"Ulizifua zote?"

"Kila juma. Nikikosa kazi ukutani narudi saa sita, wewe uko shule. Naanika ndani kwa Mama Halima. Udongo nilikuwa nautoa Kawangware, unafanana na wa kiwanja chao. Zikikauka naweka kila mtu uchafu wake. Nne, ubavu. Kumi na moja, tumbo."

Majuma yote yale. Alizifua na kisha akazichafua, kazi mara mbili, bila mtu kumlipa hata moja, na wao wakaimba juu ya bahati iliyokuwa imekwisha kumwagwa mtaroni tangu majuma ya mwanzo.

"Kwa nini hukuwaambia? Hata baada ya kushinda?"

"Niwaambie nini? Wakishindwa, ni mimi niliyefua. Wakishinda, ni uchafu." Akageuka upande, akajaribu kuinuka, nikamshika kiwiko. "Na walikuwa na furaha, wale watoto. Leta beseni."

"Tumeshafunga beseni, Mama."

"Fungua. Sitasafiri na udongo wa Kawangware."

Nililifungua. Niliketi kwenye kigoda, naye ukingoni mwa kitanda, miguu yake iliyovimba ikigusa sakafu, akanielekeza. Kola kwanza. Usisugue kwa kucha, tumia ngumi. Maji ya kwanza yakawa mekundu kabisa. Ya pili yakawa kama chai. Kukamua peke yangu sikuweza vizuri, kwa hiyo alishika upande mmoja nami nikashika mwingine, lakini vidole vyake siku hizi havikunjiki, na mara mbili jezi ilimponyoka, na mara mbili akaishika tena. Niliinua juu kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa nyeupe. Namba saba ilikuwa imepauka hadi ikawa ya samawati.

Mama aliikagua kama alivyokuwa akizikagua zamani, kifua, ubavu, bega.

"Kwapa bado," akasema.

Nikairudisha kwenye maji.